Kifurushi cha Malindi–Nairobi na kuketi studioni: tunachokisifu na kinachotukera

Kila likizo ikikaribia, simu za watu wa Malindi hujaa tangazo moja lenye sura nyingi: siku tatu Nairobi, malazi na kifungua kinywa, kuzungushwa mjini, kisha kwa herufi kubwa, "kuketi studioni kipindi cha televisheni kikirekodiwa". Wanaonunua zaidi ni vyama vya akina mama, vikundi vya vijana, na familia zinazotaka kuwaonyesha watoto kitu kisichokuwa ufuo. Malazi na matembezi, mtu yeyote mwenye simu anaweza kujipangia. Kinachouza kifurushi ni kile kiti cha studio, na hicho ndicho kinachoandaliwa kwa uzembe kuliko vyote.

Waandalizi hatuwataji majina. Makosa yao yanafanana mno, na aliyefanya vizuri likizo hii huenda ijayo akampa kazi mpwa wake asiyejua hata lango la kituo cha televisheni liko upande gani. Tunachopima ni huduma yenyewe, kipande kwa kipande.

Tuanze na bei. Usikubali bei ya jumla isiyo na mchanganuo. Kiti cha hadhira katika vipindi vya mjadala, mahojiano na mashindano ya maswali kwa kawaida hakiuzwi: kituo kinataka watu wa kujaza viti na kupiga makofi, ndiyo maana kinawaingiza bure. Vichekesho vinavyorekodiwa kwenye kumbi za burudani ni habari nyingine, hivyo huwa na kiingilio. Basi ukiona mstari wa "ada ya studio", uliza ni ya nini. Mwandalizi ana haki ya kulipwa kwa kuandika barua, kupiga simu na kusimamia kikundi, ila aseme wazi kuwa ni ujira wake.

Kipimo kizuri cha mchanganuo ni nauli ya treni, kwa kuwa inajulikana. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida kati ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Kwenda na kurudi kwa daraja la kawaida ni 3,000 kwa mtu mzima. Yanayobaki ni gari la kutoka Malindi hadi stesheni, gari la Nairobi, kitanda na chakula. Kila kimoja kiwe na tarakimu yake.

Baada ya bei, dai kuona uthibitisho wa kituo kabla hujatuma hata shilingi ya amana. Uthibitisho huo uwe umetaja jina la kipindi, tarehe, idadi ya watu, lango la kuingilia, saa ya kuingia (si saa ya kipindi kuanza) na mtu wa kituo atakayewapokea. Vituo huomba orodha ya majina na nambari za vitambulisho mapema ili walinzi wa langoni wawe nayo. Mwandalizi ambaye siku mbili kabla ya safari bado hajawaomba nambari za vipande vyenu (yaani vitambulisho) hajatuma orodha yoyote.

Na hata uthibitisho ukiwepo, ujue unathibitisha nini. Watayarishaji hualika watu wengi kuliko viti kwa makusudi, kwa sababu wanajua wapo watakaokosa kufika na kiti kitupu huonekana vibaya kwenye picha. Siku ambayo wote wamefika, wa nyuma ya foleni hurudishwa. Hilo halina dawa ila kuwahi: watu arobaini waliopanga foleni dakika tisini kabla ya mlango kufunguliwa wataingia, na waliochelewa kwa sababu ya foleni ya magari barabara ya Mombasa watatazama ukuta wa kituo kutoka nje. Kwa hiyo tunaipa alama kubwa safari inayoweka siku ya studio katikati, na alama ndogo kabisa ile inayowashusha watu kwenye basi la usiku alfajiri, ikawazungusha mjini mchana kutwa, kisha ikawapeleka studio jioni. Chini ya zile taa, mtu ambaye hajalala hufumba macho ndani ya robo saa, na kamera ya hadhira haina huruma.

Njia

Malindi hadi Mombasa ni takriban kilomita 120, na stesheni ya Miritini iko ng'ambo ya pili ya kisiwa. Shida si kilomita bali ni ule mkanda wa Mtwapa hadi Bamburi, ambako msongamano hufanya saa moja igeuke mbili bila taarifa. Treni ya asubuhi huondoka saa mbili, na kufika Nairobi ni kama saa nane mchana. Ya alasiri huondoka saa tisa na kufika kama saa mbili usiku. Ya usiku huondoka saa nne, ikawatua abiria Syokimau, iliko stesheni ya Nairobi, kabla hakujakucha, saa ambayo hoteli nyingi bado hazijatoa vyumba. Kwa kikundi cha Malindi ya alasiri ndiyo yetu: ondokeni saa tatu asubuhi, mle chakula cha mchana njiani, mfike stesheni kabla ya saa nane.

Kwa wanaoipenda ya asubuhi, kuna njia ambayo waandalizi wachache huitumia. Treni hiyo husimama vituo vya katikati, Mariakani kikiwa cha kwanza. Ukitoka Malindi na kuvuka daraja la Kilifi, unakata kulia Mavueni kuelekea Kaloleni, kisha Mariakani, pasipo kuuona msongamano wa Mtwapa wala kisiwa. Tiketi iandikwe Mariakani tangu mwanzo.

Tiketi hununuliwa kwa simu kupitia *639# au mtandaoni na kulipiwa kwa M-Pesa, kisha huchapishwa stesheni. Kinachowaangusha watu wa kwetu ni majina. Tiketi imeandikwa jina la baba na la babu, kipande kina tahajia nyingine, na Mohamed wa simu akawa Muhammad wa kitambulisho. Andika kama kipande kilivyo, herufi kwa herufi. Ukaguzi wa Miritini nao una hatua zake: mizigo hupangwa chini kwa mstari mbwa apite ainuse, halafu mashine, halafu kitambulisho na tiketi. Kisu cha kumenyea maembe kitabaki hapo, mwambieni mapema bibi aliyekitia kwenye kikapu.

Ndege kutoka Malindi huchukua kama saa moja, na kwa familia ya watu wanne wasio na muda si anasa. Kwa kikundi hesabu haikubali.

Kulala wapi

Hoteli ichaguliwe kwa kituo cha televisheni mnachokwenda, si kwa urahisi wa bei tu. KBC iko Harry Thuku Road, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenya National Theatre, hapo mnaweza kutembea kwa miguu kutoka katikati ya mji. NTV iko Kimathi Street, katikati hasa. KTN iko barabara ya Mombasa, na Citizen iko Maalim Juma Road upande wa Kilimani. Kikundi kilicholala Eastleigh kwa ajili ya chakula halali na bei nafuu kisha kikatakiwa Kilimani saa kumi na moja jioni kimejitafutia balaa, maana huo ndio wakati mji mzima uko barabarani. Ukilala karibu na Jamia Mosque, katikati ya mji, unapata yote: chakula halali hatua chache, msikiti hapo hapo, na njia za kwenda kila upande.

Kutoka Syokimau kwenda mjini, gari la kukodi lipite barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, inayokwenda kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kuna pa kushukia Museum Hill, ambapo ni jirani na KBC na Makumbusho ya Taifa. Uliza mapema ada hiyo italipwa na nani. Hapa ndipo madereva huanza kuchangisha abiria shilingi mia mia, na ubishi huo wa usiku, watu wamechoka na watoto wanalia, ni moja ya malalamiko ya kawaida kabisa kuhusu vifurushi hivi.

Ndani ya studio

Langoni mtaacha vipande, mifuko itakaguliwa, na kila mtu atapewa fomu ya kukubali sura na sauti yake itumike bila malipo. Msiisaini kama daftari la harusi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini yako iwe ya kujua unachokubali, hivyo una haki ya kuuliza picha itatumika wapi. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi wake, si kiongozi wa safari, na vipindi vingi vya mjadala haviingizi walio chini ya miaka 18 kabisa. Asiyetaka uso wake uonekane aseme kabla ya kuketishwa. Msimamizi wa ukumbi atamweka pembeni au nyuma, nje ya njia ya kamera. Akisema baada ya taa kuwaka, hakuna wa kumsikiliza.

Msimamizi huyo, mwenye vipokea sauti masikioni, ndiye serikali ya mle ndani. Anasikia maagizo ya mwongozaji aliye kwenye chumba kingine na kuyafikisha kwa mikono. Atawatawanya, wala si dharau: kikundi chenye sare moja kikikaa pamoja kinafanya doa la rangi moja kwenye picha, na viti vya mbele vikibaki wazi ataita watu wa nyuma waje kuvijaza. Mkubaliane mapema nje mtakutana wapi.

Kabla ya kurekodi, mchangamshaji atawafanyisha makofi, vicheko na nyuso za mshangao, na yote hayo hurekodiwa. Mhariri huyahifadhi ya kuzibia mapengo. Usishangae basi siku ya kipindi ukijiona unacheka kwa neno ambalo huna kumbukumbu nalo. Makofi yanayotakiwa ni ya mikono iliyoinuliwa usawa wa kifua, yaanze kwa ishara na yaendelee mpaka mkono wa msimamizi ushuke. Makofi yanayokufa moja moja ndiyo yanayorudiwa mara tatu.

Vigelegele vinahitaji maneno yake. Fundi wa sauti amepima maikrofoni za hadhira kwa makofi. Kigelegele cha mama wa Shela ya Malindi kikipasuka ghafla karibu na maikrofoni, sauti huchanika na mahali hapo hurudiwa au hukatwa. Lakini watayarishaji wanavipenda, vinachangamsha kipindi. La kufanya ni kumwambia msimamizi wakati wa majaribio, mvipige mara moja fundi apime, kisha mkubaliane ni wakati gani.

Kamera huwa tatu au nne, na juu ya ile inayotoa picha kwa wakati huo huwaka taa nyekundu. Usiitazame. Usiitazame pia ile skrini iliyoning'inizwa, ingawa ndiyo mnayoonea vizuri kwa kuwa migongo ya kamera inawaziba wageni. Mtu anayejiona kwenye skrini hunyanyua macho, hutabasamu, humgusa jirani, na picha hiyo haina kazi tena. Kama kuna kamera ya mkono mrefu unaopita juu ya vichwa, aliyepewa kiti cha pembeni mbele asisimame ghafla.

Katika kipindi cha mjadala, swali huandikwa kwenye kadi na kupitiwa kabla. Swali fupi linaloweza kusomwa kwa sekunde kumi na tano lina nafasi, hotuba yenye salamu za viongozi wote waliopo haina. Ukiitwa, simama usubiri maikrofoni ikufikie. Mara nyingi msaidizi ndiye atakayeishika, usiinyakue. Mdomo uwe umbali wa ngumi moja. Bangili nyingi mkononi hulia kuliko unavyodhani.

Simu zizimwe kabisa. Kuiweka kimya hakutoshi, kwa kuwa simu inayotafuta mtandao inaweza kutia mvumo kwenye maikrofoni zisizo na waya. Picha hakuna, hasa kwa kipindi ambacho bado hakijarushwa.

Mavazi ndiyo eneo ambalo mwandalizi mzuri hutambulika. Kanzu nyeupe kabisa, fahari ya Ijumaa, ndiyo inayowasumbua wapiga picha kuliko zote: inarudisha mwanga mwingi, kamera ikipunguziwa mwanga uso unakuwa giza, ikiachwa kanzu inang'aa mpaka mikunjo yake haionekani. Vaa ya rangi ya maziwa, ya kijivu au ya udongo, au tia koti juu. Mistari myembamba na miraba midogo, kama ya mashati mengi ya ofisini, hutetemeka kwenye skrini kana kwamba nguo ina mchwa. Kijani kibichi kiuliziwe kwanza, maana studio inayotumia ukuta wa kijani itakufanya upotee kiwiliwili. Buibui jeusi halina tatizo lenyewe, ila kumi zikipangwa pamoja hufanya shimo jeusi, ndiyo sababu nyingine ya kutawanywa. Nembo ya kampuni kifuani itazibwa kwa utepe. Na kanga ina maneno: kamera ikikaribia, jina lake husomeka nchi nzima. Mafumbo ya kumrushia jirani yabaki Malindi, na yenye sura ya kampeni ya mtu hayataruhusiwa kukaa mbele.

Studio ni baridi. Kiyoyozi huendeshwa kwa nguvu kwa ajili ya taa na mitambo, na Nairobi yenyewe iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800. Mwezi wa Julai mtu wa pwani atatetemeka ndani na nje. Sweta au mtandio mzito ni wa lazima, na ukiweza chukua mbili za rangi tofauti. Baadhi ya vipindi hurekodi sehemu mbili mfululizo siku moja, na hadhira huombwa ibadilishe viti na chochote cha juu ili ionekane ni siku nyingine.

Muda: kipindi cha moja kwa moja cha saa moja ni saa moja, lakini mlango hufungwa kama nusu saa kabla na haufunguliwi. Cha kurekodiwa cha saa moja hesabu saa mbili hadi tatu, kwa sababu ya kurudia, kubadilisha betri za maikrofoni, kupaka wageni poda na kupanga upya jukwaa. Taa nyekundu ya juu ya mlango ikiwaka hutoki, hata kwa haja. Nendeni msalani kabla. Mwenye kisukari au dawa za saa maalumu amwambie msimamizi mapema aketishwe karibu na mlango. Viti huwa juu ya majukwaa ya ngazi, kwa hiyo mwenye kiti cha magurudumu au magoti mabovu aombewe nafasi ya chini, siku moja kabla na si pale pale.

Vipindi vya jioni huangukia sala ya Magharibi. Hili mwandalizi wa Malindi hana udhuru wa kulisahau. Kituo kikiulizwa kwenye barua hutafuta chumba au mapumziko yanayolingana. Kisipoulizwa, watu arobaini hawawezi kuanza kutafuta udhu saa kumi na mbili na nusu wakati wa kuhesabu sekunde.

Mjini

Siku iliyobaki inatosha vitu viwili, si sita kama tangazo linavyosema. Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill na bustani ya nyoka iliyo pembeni hula nusu siku. Jumba la KICC, lililokamilika 1973, lina ghorofa 28 na paa la kutazamia mji wote, na watoto hulikumbuka kuliko makumbusho. Makumbusho ya Reli ni ya kupitia kwa wanaopenda injini. Mbuga ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117, inataka alfajiri na gari lake, ikitiwa kwa nguvu mchana mtaona nyasi. Malipo ya maeneo ya serikali hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, na fedha taslimu hazipokelewi, kwa hiyo kiongozi wa kikundi awe na akaunti inayofanya kazi na salio la M-Pesa. Kumi na tano wakisimama langoni kila mmoja akijaribu kukumbuka nywila yake ni asubuhi iliyopotea.

Kwa wa Lamu

Kifurushi kikiuzwa Lamu kwa ratiba hii hii ya siku tatu, kikatae. Kuna boti ya kwenda Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen pamoja na vizuizi vya usalama vya njiani, na hapo umefika Malindi tu. Mnahitaji usiku mmoja wa Malindi wakati wa kwenda na mmoja wa kurudi, au mruke kutoka Manda. Siku tano ndizo za haki.

Kurudi, treni ya saa mbili asubuhi ni bora kuliko ya alasiri: mtafika Malindi jioni badala ya karibu usiku wa manane, na wenye tuktuk bado wapo stendi. Kabla ya kutoka studioni mwulizeni msaidizi wa mtayarishaji nambari ya sehemu mliyoshiriki na tarehe inayotarajiwa kurushwa. Ya kurekodiwa hukaa wiki kadhaa, tarehe husogezwa, na bila nambari hiyo hakuna wa kituoni atakayeweza kuwaambia kama ni Jumapili hii au ijayo.